Kibuyu cha Maji Kutoka Kampala

Sisi tuliokua Mbooni enzi zile tunajua kwamba maji hayafanani. Ya chemchemi ya chini ya kanisa yalikuwa mepesi, yanapita kooni bila kugusa. Ya mto Athi yalikuja na udongo wake, ukimaliza kikombe unabaki na shamba dogo mdomoni. Susu yangu, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya, alizaliwa kule Tseikuru, ambako msichana alijua kuchimba mchanga wa mto mkavu kabla ya kujua kupika. Ukimpa maji alionja kidogo, akafumba macho, kisha akakuambia yametoka wapi. Siku nyingine alikuambia hata nani aliyeyachota, kwa kuwa kulikuwa na mama mmoja asiyesuuza mtungi wake. Sikumbuki siku aliyokosea, na nawaambia mapema kwamba jambo hilo lilituponza.

Wakati huo, miaka ya hamsini, nilikuwa na miaka kumi na sita, mwanafunzi wa sekondari kule Kitui, mwenye haya kupita kiasi. Wenzangu wakiongea mimi naandika kwenye daftari. Ninalo mpaka leo, na ukurasa mmoja unasema: "Leo mwalimu ameniuliza swali. Jibu nilikuwa nalo. Tumeketi nalo mpaka kengele ikalia." Rafiki yangu Mulwa, kijana wa boma la jirani, alikuwa kinyume changu. Yeye jibu hakuwa nalo, lakini alisimama akalitoa.

Ni huyo Mulwa aliyekuja na habari kwamba mjomba wake, mchongaji aliyeuza vinyago vyake Kampala, amekubali kutulaza siku tatu bure. Nauli tulikuwa tumeitafuta likizo iliyopita kwa kuvuna machungwa ya watu. Chifu alituandikia barua ya safari. Mama alilia kidogo. Baba alinyamaza, na kwa baba hiyo ilikuwa ruhusa.

Lakini aliyefurahi kuliko wote alikuwa Susu, na sababu yake ilikuwa ya miaka mingi. Marehemu babu yangu, Mutua, alibebeshwa mizigo katika vita ya kwanza ya Wazungu. Aliporudi alisimulia kwamba alifika kwenye ziwa la upande wa Kampala, maji makubwa yasiyoonekana mwisho, akainama akanywa, nayo yalikuwa matamu. Watu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Mzee Nzioki, mtu wa rika lake, ambaye alikuwa amefanya kazi ya reli Mombasa na kuionja bahari kwa mdomo wake mwenyewe. Kwake kesi ilikuwa imekwisha: maji makubwa yote ni chumvi. Tangu siku hiyo babu akaitwa Mutua wa Maji Matamu. Mtoto akidanganya, aliulizwa kama na yeye ametoka ziwani. Babu alikufa na jina hilo, na kila Jumapili baada ya ibada Susu na Mzee Nzioki waliendelea na ugomvi wake.

"Maneno ya mumeo nilishayasikia," Mzee Nzioki alikuwa akimwambia. "Mimi niletewe maji."

Basi Susu akanipa kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mchanga, chenye kizibo cha gunzi la mahindi.

"Ukijaze kwenye ziwa lenyewe," akasema. "Nzioki atayanywa mbele ya watu wa kanisa."

"Na kama ni ya chumvi, Susu?"

"Nitamwomba Nzioki msamaha mbele ya watu hao hao. Na babu yako sitamtaja tena."

Aliyasema hayo akitazama kibuyu, si mimi, na nikaelewa nimebebeshwa nini.

Siku hizi kijana akisafiri anabeba simu na waya wa kuichajia, na kama waya umesahaulika, safari imekufa. Sisi tulibeba isyo ya mama, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa yakakaushwa mpaka yakalia kama changarawe, na viazi vitamu vya siku nne. Mama aliongeza kibuyu cha pili, kimejaa maji ya chemchemi, kwa sababu hakuamini kwamba katika mji wa watu kuna mtu atakupa maji bure. Ndivyo tulivyopanda gari la moshi, daraja la tatu, kwenye benchi la mbao lililotuchapa bila kosa, tukipeleka maji ziwani.

Kampala walisema ni mji wa vilima. Sisi tumetoka Mbooni, vilima hatuogopi, kwa hiyo kipya tulichoona ni vilima vilivyopakwa lami. Hatukuwa na pesa za kuingia mahali, tukaangalia mahali kwa nje. Tuliangalia maduka kwa nje, hoteli kwa nje, na sinema tuliiangalia kwa nje mpaka bawabu akatuuliza kama tunataka kuinunua.

Kilichonimaliza ni mama mwenye nyumba aliyopanga yule mjomba. Jioni tulipofika kwa yule mjomba, alitoka mama mzima, wa umri wa mama yangu, akapiga magoti mbele yangu kunisalimu. Ndivyo wanawake wa kule wanavyosalimu, lakini nani alikuwa ameniambia? Kwetu huwezi kusimama juu ya mtu mzima aliye chini. Nikapiga magoti mimi pia. Yeye akashangaa, akainamisha kichwa zaidi. Nami nikainamisha zaidi. Tukakaa hivyo, mapaji yetu ya uso yakikaribia kugongana, kila mmoja akimngoja mwenzake ainuke.

"Mjomba," nilimsikia Mulwa akisema nyuma yangu, "hawa wamepoteza nini?"

Kesho yake asubuhi ikaanza mvua. Mwenzangu uliyekulia Ukambani, unajua mwili unavyofanya. Hatukuulizana. Mulwa alichukua sufuria, mimi beseni, tukatoa mitungi, vikombe, birika la chai, hata karai la mtoto, tukavipanga chini ya mabati. Tulipokuwa tumesimama pale, tumelowa, tumeridhika, mama mwenye nyumba akatokea mlangoni.

"Mnafanya nini?" akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mvua, mama," Mulwa akajibu.

"Naiona. Kwani kwenu hakuna mvua?"

"Ipo, mama. Lakini kwetu ni mgeni, ikija lazima ipewe mahali pa kukaa."

"Hapa ni mtu wa nyumbani," akasema. "Itarudi saa nane. Nirudishieni birika."

Ikarudi saa nane.

Siku ya mwisho tulitembea kwa miguu tangu asubuhi, tukapita migomba mpaka migomba ikatuchosha, hadi ziwani. Upande mmoja kulikuwa na kilima, lakini palipokuwa wazi maji yalienda, yakaenda, yakawa mbingu. Niliinama nikachota kwa kiganja. Nakiri niliogopa, maana mdomo wangu ulikuwa umembeba babu yangu. Nikanywa. Yalikuwa matamu, yenye harufu kidogo ya majani na samaki. Nikanywa tena, si kwa kiu. Kisha nikakizamisha kibuyu cha Susu mpaka kikaacha kutoa mapovu, nikakifunga. Kile cha mama tulimwachia mama mwenye nyumba, kumshukuru kwa birika lake.

Kurudi, jua la mchana liligeuza behewa kuwa jiko. Mulwa alikuwa amenunua karanga za chumvi dirishani, akala pakiti nzima peke yake. Mimi nikasinzia nimekumbatia kibuyu. Nilipozinduka nilikuwa nimekumbatia mkeka wangu, na kibuyu kilikuwa mikononi mwa Mulwa. Nikakichukua. Kilikuwa chepesi.

"Nilionja tu," akasema.

"Umeonja mpaka chini?"

"Sasa unanuna nini? Ziwa si limebaki palepale? Ungedhani nimelimaliza."

Haya zangu ziliziba hata hasira. Yeye ndiye aliyepanga kila kitu: tutajaza kibuyu kwenye bomba la stesheni Nairobi. Mzee Nzioki, alisema, anajua maji ya aina mbili tu, ya chumvi na yasiyo ya chumvi. Ya bomba hayana chumvi. Susu ameshinda, babu ameshinda, na hakuna aliyeumia. Aliongea vizuri mpaka nikakubali, nikajaza kwa mikono yangu. Siku hiyo kwenye daftari sikuandika neno.

Jumapili, ibada ilipokwisha, watu walibaki uwanjani kuliko siku ya harusi. Mzee Nzioki alikuwa amevaa koti lake la reli. Susu alivaa gauni la Krismasi, na Krismasi ilikuwa mbali. Akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Mimi na Mulwa tulikuwa tumefikiria kila kitu isipokuwa jambo moja linalojulikana na kila mtoto wa Kikamba: anayempa mtu kinywaji huonja kwanza yeye, ili mgeni ajue ni salama.

Susu akaonja. Akafumba macho. Aliendelea kuyafumba muda mrefu.

"Haya yamelala kwenye chuma," akasema polepole. "Haya ni ya bomba."

Mzee Nzioki hakucheka kwa sauti. Ilikuwa afadhali angecheka. "Mama," akasema, "ukoo wenu na ziwa."

Watu ndio waliocheka. Susu akakirudisha kile kizibo cha gunzi mahali pake. Nikaona akivuta pumzi, nikajua anataka kuomba ule msamaha. Nilimtazama Mulwa, mtu wa majibu. Alikuwa akitazama viatu vyake, na hakuwa amevaa viatu. Ndipo nikasikia sauti ikisema mbele ya kanisa zima, na ilikuwa yangu.

"Mulwa aliyanywa, Susu. Mimi nikajaza ya bomba."

"Msaliti," Mulwa akanong'ona.

Mzee Nzioki akamgeukia Mulwa, akainua fimbo, sote tukadhani atampiga. Lakini alimwelekezea tu, kama mtu aulizaye njia.

"Ulikunywa kiasi gani?"

"Yote, mzee."

"Kibuyu kizima?"

"Nilitaka kubakisha. Hayakukubali kubakishwa."

"Na tumbo?"

"Tumbo lilishukuru, mzee. Nililamba hata mdomo wa kibuyu."

Mzee Nzioki akateremsha fimbo. Watu wakaacha kuchekacheka. Yeye bahari alikuwa ameionja kiganja kimoja tu, na habari za namna alivyotapika mbele ya vibarua wenzake alikuwa ametusimulia mwenyewe.

"Hakuna mtu anayeiba maji ya chumvi," akasema mwishowe. Kisha akavua kofia, akamgeukia Susu. "Mutua hakutudanganya."

Susu alikaa chini palepale kwenye nyasi, na gauni lake la Krismasi, akajifunika uso kwa leso. Mwanamke mmoja wa kwaya akakaa kando yake. Mzee Nzioki akabaki amesimama mbele yao bila kofia, mpaka jua likamshinda.

Mulwa alihukumiwa kumchotea Susu maji ya chemchemi kwa mwezi mzima. Hukumu hiyo ilizidi mwezi, maana kila alipofika na mtungi Susu alimketisha. "Niambie tena," anasema, "yalikuwaje?" Na Mulwa, ambaye maisha yake yote alikuwa akiongeza chumvi kwenye kila habari, hapo hakuongeza hata punje. Anafikiri, analamba midomo, anasema, "Mepesi, Susu. Mwanzo kama ya kwetu hapa. Mwishoni kama majani." Susu anafumba macho. Alikufa hajayaonja kwa njia nyingine.

Mwaka jana wajukuu wangu wawili walikwenda Kampala siku tatu, kama sisi. Walikwenda kwa ndege, wamefika kabla sijamaliza chai. Waliporudi walinionyesha picha mia ngapi sijui, nyingi ni za sahani za chakula, na zilizobaki ni za wao wenyewe wakiwa wameliziba ziwa kwa mabega. Nikawauliza maji ya kule yana ladha gani. Walitazamana. Mkubwa akaniambia kwa upole, kama anavyosemeshwa mtu anayezeeka, kwamba walikuwa wakinunua ya chupa. Kisha akatafuta kwenye simu, akanionyesha picha ya chupa.