Kisufuria cha Kupimia Maziwa Nilichochemshia Viazi

Mimi ndiye niliyemharibia jina mama mzee asiye na hatia. Si majirani, si uvumi. Ni mimi! Naandika polepole kwa sababu niliishia darasa la nane, lakini hili nataka kulimaliza.

Nilikuwa napima maziwa kwenye kituo kimoja cha kukusanyia maziwa huko Kuresoi. Kazi hiyo nilitafutiwa na jirani yetu, mjane tunayemwita Gogo, yaani nyanya. Alimwambia mwenyekiti wa kikundi, "Huyu kijana haongei, lakini hadanganyi."

Kuna watu hutia maji kwenye maziwa, kisha huongeza unga ili yaonekane mazito. Kwa hivyo nilifundishwa kuchemsha maziwa kidogo kwa kisufuria, kuyapoza, kisha kudondosha iodini. Dawa hiyo ni ya kahawia. Ikikutana na unga, maziwa hugeuka bluu.

Asubuhi moja baridi ilikuwa kali, na sikuwa nimekula tangu jana yake. Nikachemsha viazi kwa kisufuria kile kile. Tulikuwa tumekatazwa, nami nilijua! Watu walipoanza kufika nikamwaga maji, nikasuuza haraka haraka, viazi nikaviweka kwa sahani pembeni.

Gogo alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kama kawaida yake. Nilipodondosha iodini, maziwa yake yakawa bluu.

"Gogo, leo umetuletea uji?" mtu akaita kutoka nyuma. Watu wakacheka.

"Kumbe siku hizi ng'ombe wa Gogo anakamuliwa unga!"

Gogo aliwapa mgongo. Alinitazama mimi. "Kijana wangu, pima tena."

Mwenyekiti akaniuliza, "Ni unga ama si unga?"

Hapo ndipo nilipotazama ndani ya kisufuria. Ukingoni kulikuwa na utando mweupe wa viazi, umekauka. Kwa iodini, viazi na unga ni kitu kimoja, vyote vina wanga. Nikaelewa papo hapo! Lakini watu wote walikuwa wananiangalia, na mimi nikiangaliwa ulimi hukauka.

Nikasema, "Ni unga."

Maneno mawili tu! Maziwa ya Gogo yakamwagwa kwenye mtaro, naye akafukuzwa kwenye kikundi. Mimi nikakiosha kisufuria kwa maji moto na sabuni, na maziwa ya wengine wote hayakugeuka rangi. Hilo likazidi kumhukumu.

Watoto wakaanza kumwita Gogo Unga. Hata kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, chupa ya chai aliyoleta ilirudi nyumbani ikiwa imejaa. Nikikutana naye njiani nilikuwa nainamisha kichwa. Yeye bado aliniuliza kama nimekula.

Miezi ikapita. Siku niliyoona ng'ombe wake akipandishwa kwenye pikapu ya mnunuzi, nilishindwa kuvumilia. Nikaenda kwake, nikapiga magoti mlangoni, nikamweleza yote huku nikilia.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Najua," akasema. "Niliona viazi kwa sahani."

"Mbona hukusema, Gogo?"

"Ningesema mimi, ungefukuzwa. Nilikuwa nangoja useme wewe."

Ole wangu!

Kesho yake nilisema yote mbele ya foleni nzima. Kazi niliachishwa, na ni haki. Mwenyekiti alimwomba Gogo arudi, lakini atarudi na maziwa gani? Na wako wanaosema hadi leo kwamba alinibembeleza nimsafishe.

Wewe mwenye haya kama mimi, nakusihi: kosa lako liseme hapo hapo, watu wakiwa bado wamesimama, maziwa yakiwa bado kwenye mkebe. Ukichelewa, utakuta wameshazoea kuamini uongo wako.

Juzi Gogo alinikaribisha chai. Ilikuwa ya rangi, bila tone la maziwa. Nilikunywa yote.