Usimlilie Bado

Nilikuwa bado mtoto wa kushikwa mkono kuvuka barabara nilipoiona Mwanza kwa mara ya kwanza, na niliiona siku mbaya. Baba mdogo Majura, mume wa mama mdogo Kabula, alikuwa amezama ziwani. Alikwenda kuvua dagaa na mwenzake, upepo ukaupindua mtumbwi wao, hawakurudi. Mama alipigiwa simu asubuhi, mchana tukawa ndani ya basi kutoka Nzega.

Watu husema Mwanza ni nzuri, na ni kweli. Lakini mimi kilichonishangaza ni jinsi mji ule usivyokuwa na habari na sisi. Pale Kirumba wanawake waligeuza dagaa juani huku wakitaniana, redio zinapiga muziki, korongo wakubwa wenye vipara wanagombea utumbo wa samaki. Mchuuzi mmoja akamng'ang'ania mama anunue sangara.

"Niache baba, nina msiba."

"Pole mama," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Nilimchukia yule kijana! Leo najua ndivyo mjini kulivyo. Kila siku kuna wa kuliliwa, na dagaa wasipogeuzwa wanaoza.

Sasa, kwetu Unyamwezini huingii msibani kimya. Unaanza kilio njiani, nyumba ikionekana tu, mikono kichwani. Anayefika macho makavu husemwa: huyu ana lake jambo. Kwa hiyo tulipoanza kupanda kilima cha mawe kwenda kwa mama mdogo, mama akafungua sauti. "Mayo wane! Shemeji yangu! Majura, umetuachia nani!"

Bibi mmoja akatoka mbio, kanga inamdondoka. Alikuwa mama yake Majura, Mkerewe. Akamziba mama mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza! Nyamaza wewe mwanamke! Unataka kuniulia mtoto mara ya pili?"

Mama akaduwaa. "Nisilie, mama? Shemeji kafa, nisilie?"

"Hajatoka majini. Ukimlilia sasa, ziwa linajua tumeshamkatia tamaa, linabaki naye hukohuko. Akitoka ndipo tutalia, tena tutalia mpaka tuchoke."

Nilichungulia ndani. Mama mdogo alikuwa anasonga ugali wa wanaume waliotoka kumtafuta mumewe. Hakumsalimia dada yake. Alimwangalia tu, kisha akarudi kwenye sufuria. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kilio.

Mwenzake Majura alipatikana kabla wiki haijaisha, ameelea upande wa Pasiansi. Kwao hakuna aliyekuwa amelia. Majura hakupatikana. Wavuvi walitafuta mpaka wakasema basi, yatosha. Hakuna aliyemtamkia mama neno, ila alipopita uani na ndoo, mazungumzo yalikatika. Ndani ya basi la kurudi alisema mara moja tu, "Mimi nilikuwa namheshimu marehemu." Hakulizungumza tena.

Mimi ukiniuliza, nitakwambia ni maji tu. Mmoja kasukumwa ufukweni, mwingine kapelekwa kilindini, basi. Lakini nenda kaseme hivyo mbele ya mjane asiye na kaburi, uone. Wakwe zake hawakuweka matanga, maana mtu hajatoka. Mama mdogo hakuvaa nguo za msiba, hakuolewa tena, wala hakukanyaga tena Nzega mama akiwa hai. Na hakulia. Angelia vipi? Kulia ni kumwambia ziwa limchukue moja kwa moja.

Mwaka jana mama alifariki. Mama mdogo Kabula akaja, mzee sasa, akaingia uani kimya, macho makavu. Wanawake wakaanza kunong'onezana, na mimi mwenyewe nikaumia. Nikasema moyoni, hata leo, mama mdogo? Hata mbele ya maiti?

Akaenda moja kwa moja kwenye jeneza, likiwa wazi bado, akamshika mama shavu. "Huyu ametoka," akasema. "Huyu namwona."

Kisha akalia. Walimshika wanawake wawili na bado alikuwa anawashinda nguvu. Nilikuwa karibu, nikasikia jina alilokuwa anaita, na halikuwa la mama.

Sijui kama alikuwa amemsamehe mama kile kilio. Sikumuuliza, na sitamuuliza. Kuna aliyetaka kumnyamazisha, nikamzuia. Nilimwacha amlilie mumewe kwenye jeneza la mama yangu, maana hakuwa na pengine pa kumlilia.