Turungi ya Mzungu wa Parachuti

Jumamosi, Agosti 13, 1994. Mvua ya mawe saa nane. Chai ya shamba la chini imechanika majani yote.

Mzungu alifika mvua ikiisha. Zamani alikuwa meneja wa shamba la chai hapa kwetu, na kabla ya hapo askari wa parachuti kule Burma. Baba amesimulia tangu nikiwa mtoto: parachuti ilinaswa juu ya mti, mzungu ananing'inia, Wajapani wako karibu. Baba, askari wa kawaida, akapanda, akakata kamba, akambeba mgongoni hadi kambini.

Sasa wametengeneza filamu ya maisha ya huyo mzungu. Mwezi wa sita ilionyeshwa kwa video pale Kapsoit. Ndani yake mzungu anajikatia kamba mwenyewe, na askari mweusi aliye chini ya mti anatupa bunduki na kutoroka. Tangu siku hiyo wazee wa rika la baba wakimpata kwa kituo cha kuuza majani ya chai wanamuuliza, "Mzee, leo hukimbii?" Baba akaacha kupeleka majani. Napeleka mimi.

Kwa hivyo niliposikia mzungu anakuja kumsalimia baba, nilijipanga. Niliwaita wale wazee, wakaketi. Kwetu mgeni hupewa mursik, maziwa ya kibuyu, au chai ya maziwa mengi. Mimi nilimpikia turungi, chai isiyo na maziwa, na ng'ombe anakamuliwa pale nje ya dirisha, mzungu mwenyewe akiona. Wazee walitazama kikombe, kisha wakanitazama mimi.

"Nani alikata kamba?" nikamuuliza. Pengine sikuwa na adabu. Niliishia darasa la saba, sijui kuzunguka maneno.

Alimtazama baba. "Yeye kata. Mimi ambia watu ya sinema. Wao sema hiyo hapana pendeza."

"Na wewe?"

"Mimi nyamaza."

Niandike haki yake: alisema mbele ya wazee, hakujitetea. Halafu akanywa turungi yote, akasema ni tamu, kama ile ya vitani. Hapo nikaumia. Kumbe hakujua!

"Hiyo hupewa mtu tusiyemtaka," nikamwambia.

"We msichana!" baba akafoka.

Mzungu aliweka kikombe chini polepole. Masikio yalikuwa mekundu. "Sasa mimi jua," akasema, akachukua kofia.

Alipoondoka, mzee mmoja alikohoa. "Jumatatu tutakuona kituoni?"

"Kama mawe yamebakisha jani," baba akajibu. Kisha akanigeukia: "Huyo alikuwa mgeni wangu, si wako."

Labda nilikosea. Lakini wale walioona filamu Kaplong na Siongiroi hawakuwa kwa nyumba yetu leo, na bado inaonyeshwa. Kikombe kimoja ni kidogo. Ningempa sufuria nzima.

Jioni tulikula ugali na managu. Mursik niliomnyima mzungu, baba aliunywa wote peke yake, bila kunitazama.