Kiatu cha Idi

Siku ile tulikuwepo mimi, wadogo zangu Salma na Idi, shangazi, na Wajipsi wawili, watu wa jamii ya kuhamahama, baba na binti yake, waliokuwa wakimwaga lami kwenye njia ya gari ya jirani yetu mjini Beltsville, Marekani. Juzi nilinusa lami ya moto, nikawakumbuka.

"Hao huibia watu," alisema shangazi, akaenda kazini.

Mimi nilisikia "huiba watu." Wazazi walishatutoka, nisingekubali kupoteza mwingine. Nilimvuta Idi kutoka nje, nikamfungia yeye na Salma chooni, nikawa nazunguka sebuleni.

Binti alibisha hodi. "Kiatu cha mdogo wako kilinasa kwenye lami."

"Nenda zako."

Jioni nilikikuta mlangoni, kimesuguliwa, kinanuka dizeli waliyoondolea lami. Lami yao ingali nzima, haina ufa; jirani hakuibiwa. Asante yao bado sijaitoa.