Roshani Iliyojengwa Kinyume

Kazi yangu ni kuokoa majumba ya kale. Nimezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, kwa hiyo nilipoajiriwa kutengeneza nyumba ya mawe ya matumbawe Jeddah nilijiona nimefika kwetu. Kujiona huko ndiko kulikoniponza.

Nyumba ilikuwa imebaki na roshani moja tu: kisanduku kikubwa cha mbao za msaji kinachotokeza nje ya ukuta, juu ya njia, mtu akikaa ndani anapigwa na upepo na kutazama wapitao. Haikuwa na msumari hata mmoja. Kila ubao una ulimi wake unaoingia kwenye tundu lake, na vidirisha vyake vya ubao mzito vinapandishwa juu kwa mkono. Mwenye nyumba, mzee mpole, alikataa kuuza kiwanja kwa sababu ya roshani hiyo, maana mama yake alikuwa akikaa humo kila alasiri. Alinitaka kitu kimoja: vidirisha vifunguke tena, naye akae hapo kabla hajafa.

Tuliifungua kipande kipande. Namba nikaziandika mwenyewe kwa chaki, kwa tarakimu za Kiarabu, ili mafundi wasipate shida. Nilijisifu moyoni kwamba chuo cha Kurani cha utotoni kimenifaa. Lakini nilianza kushoto kwenda kulia, kama nilivyosomeshwa kuchora. Mafundi wangu, Wayemeni wote, wangeanza kulia, na wala halikunijia akilini. Mchoro wa mpangilio nikautia mkobani nikaondoka nao kwenda Riyadh, ambako ofisi iliniita kusaini karatasi za ikama, kibali changu cha kuishi nchini. Siku mbili, waliniambia. Zikawa tisa, nimekaa kwenye kiti cha plastiki naambiwa mwenye muhuri hayupo.

Niliporudi roshani ilikuwa imesimama. Kwa mbali inapendeza. Nilipoikaribia nikaona walichokifanya mafundi. Walianzia kulia, mbao zikagoma, basi wakazichonga zile ndimi, na zisizokaa wakazikaza kwa skrubu. Kazi ya mikono ya watu waliokufa zamani imelala sakafuni, maranda matupu.

"Kwa nini hamkunipigia simu?" nikamfokea msimamizi wa mafundi.

"Tumefuata namba zako, muhandisa," akajibu, bila ubaya wowote. "Moja, mbili, tatu. Na bosi kasema yalla, yalla, haraka."

Nikampigia bosi, Riyadh.

"Imesimama au haikusimama?" akaniuliza. "Imesimama? Halas, yamekwisha."

Nilitamani kuitupa ile simu njiani. Hasira zilinijaa, na sikuwa na wa kumtupia lawama, maana chaki ilikuwa yangu na mchoro niliukalia mimi.

Siku ya pili mzee akaja baada ya sala ya alasiri. Nilikusudia kumwambia mlangoni. Lakini nilipofika alikwishapanda ngazi. Akashika kidirisha, akasukuma juu, hakikwenda. Akasukuma tena kwa mikono miwili.

"Ami, hakitafunguka," nikamwambia. "Kosa ni langu. Niliandika namba kinyume, na mbao zimeshakatwa. Hazirudi tena kama zilivyokuwa."

Akakiachia kidirisha.

"Mafi mushkila, hakuna neno, binti yangu," akasema, na uso wake ukasema mengine kabisa.

Kisha akavuta kiti, akakiingiza ndani ya roshani, akakaa akiielekea njia asiyoweza kuiona.