Asari ya Felisiani

Felisiani alikuwa na kipaji kimoja tu: kunusa jasho la wenzake na kuliita lake. Mwaka 1998 alikuwa karani mpiga chapa kwenye ofisi moja ya misaada hapa Kibondo. Siku moja akaletewa barua ya wafuga nyuki wa Busunzu aichape. Kikundi chao kiliitwa Asali Kibondo, na mnunuzi wa Ulaya aliwataka kwanza wawe na anwani kwenye intaneti, kwa jina lao.

Mtu mwenye haya angechapa akanyamaza. Huyu akamwuliza mzungu wa ofisini anwani hiyo hupatikanaje.

"Anayewahi kuliandikisha jina ndiye mwenyewe. Kuna watu wanayanunua kama viwanja, wanauza baadaye."

Mate yakamtoka. Kuwauzia watu jina lao! Hata kupe hupata taabu ya kupanda ng'ombe.

Hela hakuwa nazo. Alikuwa nazo mkewe, Pelagia, aliyebeba maharage kichwani misimu miwili mpaka sokoni Mabamba ili nyumba yao ya nyasi ipate bati kabla ya mvua. Felisiani akazikomba zote kwenye debe, akampa yule mzungu, aliyekuwa anakwenda likizo Nairobi, pamoja na kikaratasi chenye jina, akaliandikishe huko. Mzungu akarudi na risiti.

Jumapili, baada ya misa, akamfuata mwenyekiti wa kikundi, Mama Vestina, katikati ya wenzake waliovimba mikono kwa miiba ya nyuki.

"Mama, jina lenu ninalo mimi. Mkilitaka, madumu ishirini ya asari."

"Jina tulilojipa wenyewe?"

"Mambo ya kompyuta hayo, mama."

"Haya, tuone."

Akakunjua risiti kama hati ya kiwanja. Mama Vestina, mwalimu mstaafu, akavaa miwani, akasoma herufi moja moja. Kisha akacheka mpaka kanga ikamlegea.

"Felisiani mwanangu, hii *asari* yako inarinwa kwenye mti gani?"

Alikuwa ameandika kama anavyosema, kama tunavyosema wengi huku, kwa ulimi usioijua L. Asarikibondo! Asalikibondo yenyewe, ya L, ilikuwa bado haina mwenyewe, na kikundi kikaiandikisha mwezi uleule.

Ungedhani ataona aibu. Wapi!

"Wanaosema asari ni wengi," akamwambia mkewe. "Wakikosea, wote wanaangukia kwangu."

Wengi kweli: Kasulu nzima, Kibondo nzima, na mwenye kompyuta hata mmoja hayupo.

Mvua ya kwanza ilipiga mchana, wamekaa kula. Tone likaangukia kwenye ugali, kisha la pili. Pelagia akainuka, akaitoa risiti mfukoni mwa koti la mumewe, akaichomeka kwenye nyasi palipovuja.

"Haya, mwenye jina. Ngoja tuone kama linazuia."

Ikazuia kidogo. Kisha ikaanza kumdondoshea Felisiani wino kichwani.