Mama Asiye na Cherahani

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya asiransi, yaani bima, hapa Kindu, nikingojea karatasi ya pikipiki yangu. Mbele yangu alikaa mama mmoja, fundi wa nguo na mpangaji wa mtaa wa Mikelenge, mita ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni.

Karani, kijana mpole, alimweleza: "Mama, nyumba ni ya yule anayekupangisha, lakini vitu vya ndani njo vyako. Vikiungua ao vikiibiwa, tutakulipa." Mama akaitikia kwa kichwa. Karani akashika kalamu. "Sasa niambie, uko na nini ndani?"

Mama akakumbatia kikapu chake. "Mukeka."

"Radio?"

"Sina."

"Cherahani?"

"Sina."

Karani akaitazama ile mita. Mama akaivua polepole, akaitia kikapuni.

"Sasa mama, tutalinda nini?"

"Mwanangu, wakati ya vita ulikuwa ungali unanyonya. Watu wa bunduki walifika kwangu na kalamu. Waliuliza kwanza, wakaandika, kisha wakabeba. Cherahani yangu ya kwanza ilipotelea kwenye karatasi kama hiyo."

Karani akaweka kalamu mezani. Mama akamhurumia. "Basi, andika: cherahani moja, haiko. Siku itaungua, munilipe."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Karani akanigeukia: "Na wewe papa, si unapanga pia? Nyumbani uko na nini?"

Nina frigo, televisheni na viti sita vya mninga. Kicheko kikanikauka.

"Mukeka," nikasema.